Niliyoyasoma Kwenye Leso za Mama

Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikikaribia kati, serikali ya Kenya, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilitangaza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa unafungwa kwa siku 15, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Kafyu ya usiku tulikuwa nayo tangu 27 Machi, shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya mwezi huohuo, na misikiti ilikuwa imefunga milango kabla ya mwezi kuandama. Lakini amri ya Mei ilikuwa ya namna nyingine. Polisi walisimama kwenye njia za kuingilia mtaani, na sisi tunaoishi kwenye vichochoro hivi tukabaki kutazamana kwa madirisha. Siku 15 zilipokaribia kwisha, zikaongezwa hadi 6 Juni. Idi ikatukuta ndani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na baada ya kazi huandika hadithi fupi. Ninayotaka kueleza ni namna hadithi zilivyonijia katika wiki zile, wakati nilipokuwa nimeshakata tamaa kwamba zitakuja. Najua wapo wengi waliokwama nyumbani hata sasa bila amri ya serikali yoyote: anayemuuguza mzazi, aliyejifungua juzi, aliyevunjika mguu, asiye na kazi wala nauli ya kwenda kuitafuta. Baadhi yao wana daftari kando ya kitanda na hawana la kuandika. Hao ndio ninaowaandikia.

Kabla ya hapo hadithi zangu zilitoka nje. Barazani, muuza kahawa alipopita na dele lake akigonganisha vikombe, wazee walianza na siasa wakaishia kwenye urithi wa nyumba ya fulani. Kwenye foleni ya mkate wa mofa nilisikia mambo ambayo mwenyewe msemaji hakujua kwamba ni hadithi. Wanawake waliotoka darsani, wachukuzi wa mikokoteni waliotoka Marikiti, kijana anayemwambia mwenzake kwa simu kwamba amesharudisha ile pesa na sauti yake inasema hajairudisha. Nilirudi nyumbani na sentensi moja kichwani na hiyo ikanitosha wiki nzima.

Mtaa ulipofungwa, vyote hivyo vilikatika. Na kwa kuwa ilikuwa Ramadhani, ukimya ulionekana zaidi. Wakati wa Ramadhani usiku wa Mji wa Kale ndio mchana wake: watu wanatoka tarawehe, watoto wanakimbizana hadi usiku wa manane, viazi karai vinakaangwa kila kona, na mwisho wa usiku wanapita vijana na ngoma za kuamsha watu daku. Mwaka ule tulisali tarawehe sebuleni, na daku tuliamshwa na simu.

Nilikaa kuandika kuhusu ugonjwa, kwa sababu ndio uliokuwa midomoni mwa kila mtu. Maneno yalitoka, lakini yalikuwa yaleyale ya taarifa ya kila siku ya Wizara ya Afya: waliopimwa, waliopatikana nao, waliofariki. Lilikuwa jambo kubwa, zito, la dunia nzima, na kila nilipoligusa kwa kalamu lilinikosesha uso wa mtu mmoja wa kumtazama. Hadithi fupi haiwezi kubeba dunia. Inataka mtu, na inataka kitu mkononi mwa mtu huyo.

Kitu hicho kilitoka kwenye kasha la mama.

Mama alikuwa ameamua kuanika leso zake kwa sababu unyevu wa pwani na nondo havimjui mwenye mali. Kasha lake ni la zamani, la mbao nzito, na ndani huweka karafuu na vipande vya udi. Alizitoa moja moja, tukazitandaza chumbani. Vyumba vya nyumba za mawe za zamani huku kwetu ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari lake limeshikwa na maboriti ya mikoko na boriti la mkoko halifiki mbali, mita tatu au pungufu, basi upana wa chumba ukaamuliwa msituni kabla ya fundi kuweka jiwe la kwanza. Chumba hicho chote kikajaa leso kutoka ukutani hadi mlangoni, na nikawa nasoma majina yake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kwa sauti huku mama akinipokea kila jina kwa kisa.

Msomaji wa Tanzania atasema kanga, nasi Mombasa tunasema leso. Nguo ni ileile. Pindo lake kuzunguka pande zote nne, mji wake katikati, na chini ya mji, jina. Zilianza karne ya 19, kwa vitambaa vya mraba vya kuchapwa vilivyoshonwa pamoja hadi vikatosha kujifunga. Majina yalikuja baadaye, mwanzoni kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati hizi za Kirumi tunazozisoma leo. Hapa Mombasa, Mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa likiuza leso tangu 1887, na leso zake zinajulikana kwa maandishi ya pindoni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Nyingi za mama zina maandishi hayo. Nilikuwa nimeyaona tangu utoto, nikifunikwa nazo, nikibebwa nazo, na sikuwahi kuuliza kwa nini alichagua jina hili akaacha lile.

Leso ya kwanza niliyoiuliza ilisema: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.

"Hini n'linunua babako alipoachishwa kazi bandarini," akasema mama.

Nilijua baba aliwahi kuachishwa kazi. Sikujua kwamba mama alianza kuuza mahamri na mbaazi dirishani wiki ileile, wala kwamba kulikuwa na jirani aliyesema mahali fulani, mbele ya watu, kwamba nyumba yetu sasa inalishwa na dirisha. Maneno yakamfikia mama kabla ya adhuhuri. Hakuenda kugombana. Alikwenda Mtaa wa Biashara na pesa za mahamri, akanunua leso ile, akaikata na kuipinda jioni ileile, na asubuhi akajifunga, akatoka kwenda dukani kununua unga ambao alikuwa nao tayari ndani ya nyumba. Akapita mbele ya mlango wa jirani kwa mwendo wa pole, ili mwenye kusoma asome.

"Naye akasoma?"

"Alisoma. Siku ya tatu akanijibu."

Jibu la jirani lilikuwa Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Na mama alipofika hapo akacheka, kwa sababu mpaka leo hajui kama jirani alikuwa akikana maneno au akiongeza mengine. Jina lile linabeba yote mawili. Inaweza kuwa: unayemdhani kakusema siye. Inaweza kuwa pia: huyo mumeo unayemtegemea si uliyemdhani. Mama aliishi na mashaka hayo miaka mingi, wanasalimiana, wanazikana, wanaazimana sinia, na leso mbili zile hazikuzungumzwa kamwe.

Sasa nieleze ilivyokuwa Mei ya 2020. Jirani huyo bado yupo, ng'ambo ya kichochoro, dirisha lake linatazamana na la kwetu. Karibu na magharibi alikuwa akituletea sahani ya kaimati kwa kikapu cha kamba, kinashuka kutoka kwake, mtoto anakichukua chini na kukifunga kwenye kamba yetu, sisi tunavuta. Na sahani ya jirani hairudi tupu, basi mama alirudisha sambusa, au tambi. Hapo nilikuwa nimeshapata hadithi nzima: wanawake wawili, leso mbili, kikapu kimoja, na swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Niliandika mpaka alfajiri. Sikuhitaji kutoka nje hata hatua moja, na bado hadithi ile ilikuwa na mtaa mzima ndani yake.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana naamini ndipo penye kiini cha jambo. Miaka yote nilikuwa nikimwambia mama, "Nisimulie habari za zamani." Naye alinijibu kama wanavyojibu wazee wengi: zamani ilikuwa nzuri, watu walikuwa na heshima, maisha yalikuwa rahisi, basi. Swali pana humfanya mtu atoe hotuba. Lakini nilipoishika leso na kuuliza "hii uliinunua siku gani?", alinipa siku, duka, bei, hali ya mfuko, mtu aliyekuwa naye, na sababu. Kitu kinashika kumbukumbu mahali ambapo neno "zamani" linapita juu yake. Tangu hapo nauliza vitu tu. Sufuria iliyobonyea ilibonyezwa na nani. Kwa nini saa ya ukutani haijawahi kutengenezwa. Picha ile ilikatwa upande mmoja kwa nini. Nyumba yoyote iliyokaliwa na watu zaidi ya miaka michache imejaa maswali ya namna hii, na aliyefungiwa ndani ana muda wa kuyauliza kwa utaratibu, bila kuangalia saa.

Na asikilize bila kuandika. Nilianza kwa kushika daftari, nikaona mama anaanza kuchagua maneno kama anatoa ushahidi. Nikaliweka chini. Nilimsaidia kukuna nazi, yeye juu ya mbuzi, mimi nachuja tui, na kisa kikaja chenyewe. Niliyokumbuka usiku ndiyo niliyoyaandika. Yaliyopotea yalipotea, na aghalabu yalikuwa yale yasiyohitajika.

Ma'mkubwa, dada yake mama, anaishi ghorofa ya chini katika nyumba hiyohiyo. Wakati wa kufungwa alihamia juu kwetu mchana kutwa, kwani peke yake alichoka. Yeye ndiye aliyenifunza jambo la pili, na alinifunza kwa kubisha.

Kulikuwa na leso ya Sisi sote abiria, dereva ni Mungu. Mama akasema aliinunua hapahapa Mombasa, kwa Abdulla, kabla ya safari ya kwenda Lamu kwenye harusi, zamani, kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, wakati basi likifika Kilifi linavushwa kwa feri. Ma'mkubwa akakana. Akasema leso ilinunuliwa Lamu kwenyewe, siku ya kurudi, kwa sababu ya yaliyowapata njiani siku ya kwenda. Mama akasema hakuna lililowapata njiani. Ma'mkubwa akasema basi lilikwama kwenye tope karibu na Garsen, mto Tana umefura, na walilala ndani ya basi na mtoto wa mtu analia usiku kucha. Mama akasema hiyo ilikuwa safari nyingine. Ma'mkubwa akasema safari nyingine mama hakuwepo, basi angejuaje.

Walibishana tangu asiri mpaka adhana, na siku ya pili wakaanza tena pale walipoachia. Nilikuwa nimezoea kumtafuta mwenye kusema kweli, kama mwalimu anavyosahihisha. Lakini kadiri nilivyowasikiliza niliona kwamba kila mmoja alikuwa na Lamu yake. Mama alikumbuka harusi: vugo, pembe zikigongwa, wali wa nazi, yeye akiwa msichana aliyetazamwa kwa mara ya kwanza. Ma'mkubwa alikumbuka njia, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa amana ya pesa na wadogo wa kuwachunga, na hakupata usingizi. Basi moja, safari moja, na mtu mmoja alikwenda harusini, mwingine alikwenda kazini.

Nikaandika hadithi ile kwa sauti mbili, bila msimulizi. Dada anasema, dada anakana. Haikuwa na haja ya mwamuzi.

Nilipokuwa nikiiandika nilimkumbuka sana Abdilatif Abdalla. Ni mtu wa Mombasa hii, alizaliwa 1946. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kuandika waraka wa kuikosoa serikali ya Jomo Kenyatta, na katika gereza la Kamiti alifungiwa peke yake. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyotoka kitabuni 1973, aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Siwezi kufananisha nyumba ya mama, yenye futari na soga, na seli. Lakini miongoni mwa mashairi hayo lipo moja ambamo watu wawili wanagombania mnazi, huyu anasema na yule anajibu, ubeti kwa ubeti. Mtu asiye na wa kuzungumza naye alitia ndani ya seli mazungumzo ya watu wawili, na mti wa kwao ukiwa kati yao. Wasomi wameyachambua majibizano yale kisiasa, na wana haki. Mimi mwaka ule nilishikwa na jambo jingine: katika upweke ule alichagua ubishi, na alichagua kitu kinachopandwa uani. Kila nilipoona chumba kinanibana nilirudi kwenye wazo hilo.

Bado kulikuwa na tatizo la nani ninamwandikia. Unapokaa ndani muda mrefu, msomaji hugeuka kuwa ukungu. Hujui nani yuko upande wa pili, na sentensi zinaanza kujipamba ili zimpendeze kila mtu.

Dada yangu aliolewa Muscat, na mtoto wake wa kike amezaliwa na kukulia huko. Kiswahili anakisema vizuri, cha nyumbani, lakini Mombasa anaijua kwa likizo tu. Muscat nayo ilikuwa imefungwa, tangu 10 Aprili hadi 29 Mei, basi mtoto yule alikuwa amekwama kwenye nyumba ya ghorofa kama mimi. Usiku mmoja nikamtumia hadithi ya leso ya simba kwa sauti, kwenye WhatsApp, nikimsomea polepole. Akanijibu na swali:

"Mama mdogo, kwani jirani alijuaje kama ni yeye anaambiwa? Leso si inauzwa kwa kila mtu?"

Swali hilo lilinisimamisha. Mimi sikuwahi kulifikiria, kwa kuwa nimezaliwa ndani ya jibu lake. Nikampelekea mama, naye akasema, "Atajuaje! Mwenye kusema ajua alichosema. Wengine watapita waone maua tu." Nikairudia hadithi nzima, na safari hii niliandika macho ya jirani mlangoni, wanawake wengine wanaopita na kusifu rangi, na yeye peke yake anayesoma. Hadithi ikawa bora mara nyingi kuliko ya kwanza, na iliboreshwa na mtoto wa miaka kumi na kitu aliyeko ng'ambo ya bahari, kwa sababu alithubutu kuuliza lililo wazi kwangu.

Toka hapo kila nilichoandika nilimwandikia yeye. Sikuandika "kwa wasomaji." Nilimwandikia msichana mmoja mwenye maswali, nikijua ni lipi analijua na lipi halijui, wapi atacheka, wapi atachoka. Lugha yangu ikatulia.

Njia hii ina mizizi hukuhuku kwetu. Yapata 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu kisiwani Pate, alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ulikuwa umeshatimiza mwaka. Akamwita binti yake, akamwambia akae karibu na alete wino na karatasi, maana ana jambo moyoni la kumwambia. Beti zaidi ya mia moja zikatoka katika ugonjwa ule, wasia wa mama kwa binti mmoja, juu ya dini na ndoa na mwenendo wa nyumbani. Mengine aliyomuusia binti amtendee mumewe, wanawake wa leo wanayapinga, nami napinga baadhi. Lakini nitazame namna alivyoandika. Hakuwa na baraza wala safari wala afya. Alikuwa na mtu mmoja mbele yake, na akawa na haraka ya kumwambia kabla muda haujakwisha. Zaidi ya miaka 160 baadaye tunaousoma ni umati, na kila mmoja wetu anajiona kana kwamba ndiye aliyeitwa kukaa karibu.

Anayesema hana la kuandika nyumbani, namwomba kwanza amtaje mtu. Si jina la hadithi, jina la mtu. Nani angependa kujua jambo ambalo wewe peke yako uko karibu nalo sasa hivi? Ukishampata, nusu ya kazi imeondoka.

Mwili nao una haki yake, na hili niliseme kwa ufupi. Mtu akikaa siku nzima, mawazo hukaa naye. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wanapotembea hutoa mawazo mapya mengi zaidi kuliko wakikaa, kwa wastani wa asilimia 60 hivi, na ilikuwa vivyo hivyo hata kwa waliotembea ndani kwenye mashine huku wakitazama ukuta mtupu. Mimi sina mashine. Nina paa lililo wazi, lenye kamba za kuanikia nguo, na juu yake naona mnara wa Msikiti wa Mandhry, bandari ya zamani na majahazi yake, na Nyali upande wa pili wa maji. Baada ya asiri nilizunguka pale kati ya kamba, huku na huku, mpaka sentensi iliyokataa ikubali. Mwenye chumba kimoja azunguke chumba. Kuzunguka kuna faida hata kama hakuna cha kutazama.

Nimebakisha jambo moja, na kwangu ndilo gumu kuliko yote.

Chini kabisa ya kasha kulikuwa na leso ambayo haijakatwa. Pande zake mbili bado zimeshikana, kama ilivyotoka dukani, rangi haijapauka hata kidogo. Nikalisoma jina: Nilikudhani dhahabu, kumbe adhabu. Nikaisubiri sauti ya mama, na sauti haikuja. Ma'mkubwa, ambaye hajawahi kukosa la kubisha, alitazama dirishani.

"Hini iwate," mama akasema, yaani niiache. Akaikunja, akairudisha mahali pake, akatia karafuu juu.

Kwa mwandishi hapo ndipo pana njaa. Nilijua pale pana hadithi kubwa kuliko zote nilizokwisha kuandika. Nilianza kupiga hesabu: nani aliinunua, ya mwaka gani, ilikusudiwa nani. Ningeweza kumwendea Ma'mkubwa peke yake usiku. Ningeweza kubuni, na hakuna ambaye angenishtaki. Lakini kuishi ndani ya nyumba moja na watu kunampa mwandishi nafasi ambayo hakuombwa kupewa. Anasikia simu za wengine, anaona nani amelia. Barazani mtu huchagua aseme nini mbele ya watu. Ndani ya nyumba hachagui. Anakuamini kwa sababu hana pengine pa kwenda, hasa wakati wote mmefungiwa. Nikaona kwamba haki ya kuandika kisa cha mtu wa nyumbani haipatikani kwa kukisikia tu. Yeye ndiye wa kuitoa.

Basi nikaweka utaratibu ambao naufuata hadi leo. Kila hadithi inayotoka kwa mtu wa nyumba hii humsomea mwenyewe kwanza, kwa sauti, kabla mtu mwingine hajaiona. Mama alizisikiliza zote. Katika ile ya simba aliniambia niondoe sentensi aliyoisema baba alipopewa barua, kwa kuwa ilikuwa ya chumbani. Niliiondoa, ijapokuwa ilikuwa sentensi nzuri sana, na hadithi haikuanguka. Katika ile ya Lamu, Ma'mkubwa alitaka maneno yake yaongezwe, nikaongeza. Na haya unayoyasoma hapa, pamoja na leso isiyokatwa na jina lake, nimeyasoma mbele ya mama akiwa na tasbihi mkononi. Nilipofika pale akasema, "Hapo sawa. Lakini usipite hapo." Sijapita.

Wapo waandishi watakaosema huo ni woga, kwamba fasihi haiombi ruhusa. Juu ya wenye mamlaka, nakubaliana nao kabisa. Juu ya mwanamke mzee aliyenifungulia kasha lake kwa sababu tulikuwa tumefungiwa pamoja, sikubaliani nao.

Mtaa ulifunguliwa Juni. Muuza kahawa alirudi baada ya muda, baraza zikajaa tena, nami nikarudi kwenye foleni ya mofa na masikio yangu. Bado nachukua sentensi za mtaani. Ila sasa nikizifikisha nyumbani naziweka mbele ya kitu fulani na mbele ya mtu fulani kabla sijaanza kuandika, na zile zisizokubali kukaa naziacha ziende.

Mtoto wa dada yangu amekua, na ameanza kuandika zake. Alianza kwa kumuuliza bibi yake wa upande wa baba, kule Muscat, kuhusu sanduku lake aliloondoka nalo Unguja akiwa msichana, na ndani yake alikuta kanga tatu na kitabu cha hesabu za duka. Ananitumia hadithi hizo kwa sauti, kama nilivyomtumia zangu, nasi tunazisikiliza pamoja sebuleni. Juzi ametuma nyingine, ya harusi iliyohudhuriwa na watu wa Mombasa, na Ma'mkubwa ameshaikana nusu yake, kwani anasema harusi hiyo alikuwepo.